Maji, Dawa na Zebaki: Usugu Usioonekana kwa Macho

(Ifuatayo ni hotuba ya mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa Serikali mjini Bunda.)



Mmeniomba nizungumze juu ya maji ya kunywa, nami nimelipokea ombi hilo kwa furaha, maana hapa Bunda sidhani kama ipo habari inayozungumzwa zaidi ya hiyo. Hata hivyo tumezoea kuyazungumza maji kwa umbali na kwa wingi. Mwaka 1971 Serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi katika umbali usiozidi mita 400. Mwaka 1991 ulifika na lengo lilikuwa bado halijatimia, na tangu hapo maswali yetu yamekuwa yale yale: bomba limefika wapi, pampu imeharibika lini, ndoo moja ni shilingi ngapi. Ni maswali ya haki. Lakini yapo maswali mengine yanayohusu kile kinachosafiri ndani ya maji yenyewe, na mojawapo ndilo nililokuja nalo. Nalo ni usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na jinsi madini mazito, hasa zebaki, yanavyoulea usugu huo.

Nianze na jambo lililotupata wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1977 kipindupindu kililipuka nchini. Wataalamu walikuwa na tetrasaiklini, na vimelea vilivyopimwa mwanzoni vilikufa kwa dawa hiyo bila taabu. Basi dawa ikatumika kwa wingi, kuwatibu waliougua na kuwakinga wasiougua. Baada ya miezi mitano tu, asilimia 76 ya vimelea vilivyopimwa vilikuwa haviijali tena tetrasaiklini. Habari hiyo iliandikwa mwaka 1979 katika jarida la kitabibu la Lancet la Uingereza na Fred Mhalu, ambaye alikuja kuwa Profesa mashuhuri pale Muhimbili, pamoja na wenzake. Miezi mitano, ndugu zangu! Haufiki hata mwaka mmoja wa masomo.

Watu wengi hudhani kwamba usugu ni jambo la mgonjwa mmoja mmoja: fulani hakumaliza dozi, basi dawa imemkataa. Kweli kumaliza dozi ni jambo la lazima, na Alexander Fleming mwenyewe, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel kwamba dawa ikitolewa pungufu itawafundisha wadudu kuishinda. Lakini mgonjwa wa kipindupindu wa mwaka 1978 aliyekunywa tetrasaiklini yake yote, kwa saa zilizoagizwa, bado angeweza kushindwa kupona kwa dawa hiyo, kwa sababu vimelea vilivyomwingia tumboni vilikuja vikiwa tayari ni sugu. Viliuleta usugu huo kutoka kwa watu wengine, kwa njia ya maji na mikono.

Hapa hatuna budi kuingia kidogo katika elimu ya viumbe, na walimu wa sayansi watanisamehe nikirahisisha. Kila kiumbe kina chembe za urithi, ziitwazo jeni. Sisi wa mkoa wa wafugaji tunajua vizuri jinsi dume anavyomrithisha ndama umbo na rangi. Bakteria nao hurithishana hivyo, lakini wana desturi nyingine ya ajabu: humgawia jirani. Bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake, hata asiye wa ukoo wake, kipande kidogo cha urithi chenye umbo la duara kiitwacho plasmidi, na ndani ya kipande hicho zikawamo jeni za kuzishinda dawa tatu au nne kwa mpigo.

Wajapani ndio waliolitambua jambo hili waziwazi. Baada ya Vita Kuu ya Pili walikuwa na ugonjwa mkubwa wa kuhara damu, na katika miaka ya 1950 walianza kupata vimelea visivyosikia salfa, streptomaisini, kloramfenikoli wala tetrasaiklini, vyote kwa pamoja. Mwaka 1959 wataalamu wao walionyesha kwamba usugu huo wote ulikuwa ukihama kwa safari moja, kati ya bakteria wa kawaida wa tumboni na wale waletao kuhara damu. Mtu mwenye afya njema kabisa anaweza basi kubeba tumboni ghala la usugu bila kuumwa hata siku moja, na choo chake kikiingia kisimani, ghala hilo limehamia kwa kijiji.

Sasa ndipo madini yanapoingia. Wataalamu walipokichunguza kimojawapo cha vipande vile vya urithi vilivyotoka kwa vimelea vya Japani, walikuta humo, bega kwa bega, jeni za kuishinda salfa, jeni za kuishinda streptomaisini, na jeni za kuishinda zebaki. Zebaki! Mtu atauliza, zebaki na kuhara vinahusiana nini? Jibu ni kwamba zebaki ni sumu kwa bakteria kama ilivyo sumu kwetu. Bakteria mwenye jeni ya zebaki huigeuza sumu hiyo kuwa mvuke na kuifukuza, naye hubaki hai pale wenzake wanapokufa. Na kwa kuwa jeni zote zimefungwa katika mzigo mmoja, anayesafiri kwa tiketi ya zebaki hushuka na usugu wa dawa mkononi. Hakuna daktari aliyeandika cheti, hakuna mgonjwa aliyemeza kidonge, lakini usugu umeongezeka.

Mwaka 1993 wataalamu wa Marekani walichapisha jaribio lililofanywa kwa kima. Kima hao walizibwa meno kwa ule mchanganyiko wa fedha na zebaki ambao waganga wa meno wameutumia miaka mingi. Bakteria wa vinywani na matumboni mwao waliokuwa sugu kwa zebaki waliongezeka upesi, na wengi wa bakteria hao walikuwa sugu pia kwa antibayotiki, ingawa kilichoongezwa kilikuwa zebaki tu. Shaba, zinki, kadimi na arseniki zinaweza kufanya kazi kama hiyo. Huko Ulaya wafugaji wa nguruwe walikuwa wakiwapa watoto wa nguruwe zinki nyingi ili wasiharishe, na mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku dozi hizo kubwa, mojawapo ya sababu ikiwa ni usugu huu huu ninaouzungumzia.

Nisije nikaeleweka vibaya. Jeni hizi hazikutengenezwa na binadamu. Mwaka 2011 wataalamu walitangaza kwamba wamezikuta katika udongo ulioganda kwa miaka 30,000 huko kaskazini ya Kanada, tangu kabla hajazaliwa mtu wa kwanza kumeza penisilini. Zilikuwapo chache, zimetulia. Sisi ndio tulizozilisha zikanenepa.

Mkoa wa Mara unazilisha kwa mikono miwili. Mkono wa kwanza ni dawa. Mkono wa pili ni dhahabu, na huu ndio nitakaokaa nao zaidi, maana wa kwanza unasemwa kila siku katika kliniki zetu na huu hausemwi.

Dhahabu si mgeni kwetu. Buhemba, katika Wilaya ya Butiama, ilichimbwa tangu enzi za wakoloni. Nyamongo, wilayani Tarime, una mgodi mkubwa wa North Mara. Hapa Bunda kwenyewe wachimbaji wadogo wako Kinyambwiga, karibu na ziwa. Mchimbaji mdogo akishausaga mwamba katika karasha, huuosha ule unga kwenye mwalo. (Lugha yetu ina mambo yake: mwalo ni mahali pa kuoshea dhahabu, na mwalo ni mahali mvuvi anaposhushia samaki, na hapa Bunda mialo ya aina zote mbili inalitazama ziwa moja.) Kisha humimina zebaki, ambayo huishika dhahabu na kuiacha takataka. Bonge linalopatikana huchomwa motoni. Zebaki huruka kuwa mvuke na dhahabu hubaki. Kwa desturi ya kazi hiyo, gramu moja ya dhahabu hugharimu gramu moja hadi mbili za zebaki. Dhahabu huenda sokoni na zebaki haiendi popote. Nyingine huvutwa na mapafu ya kijana anayechoma na ya mtoto aliyekaa karibu. Nyingine huangukia mapaa na udongo. Nyingine hubaki ndani ya marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, ikingoja mvua.

Mnaikumbuka habari ya Mei 1909? La, nasema Mei 2009, maana ya juzi tu tunaifanya ya kale: maji yenye tindikali yalivuja kutoka katika mgodi wa North Mara na kuingia Mto Tigithe, ambao humwaga maji yake katika Mto Mara. Maji ya namna hiyo huyayeyusha madini yaliyomo miambani na kuyachukua. Habari ile ilifika Bungeni, ikaandikwa ndani na nje ya nchi. Magazeti hupenda tukio kuliko hali. Mto ukichafuka siku moja unaandikwa, lakini zebaki ya kijiko kimoja kimoja kila siku, mwaka baada ya mwaka, haina kichwa cha habari. Kwa bakteria, hata hivyo, kijiko cha kila siku ndicho kilicho muhimu. Sumu nyingi ya ghafla huwaua wote. Sumu kidogo ya kudumu huwachagua walio sugu na kuwazidisha.

Ni haki pia niseme upande wa pili. Wataalamu waliopima samaki wa Ziwa Victoria katika miaka ya 1990 walikuta kwamba zebaki iliyokuwa ndani ya samaki wengi ilikuwa chini ya kiwango cha hatari, na kwamba zebaki nyingi ilikuwa imejikusanya karibu na mahali inapotumiwa. Kwa hiyo asitoke mtu hapa akaenda kuwatisha wananchi wasile sangara. Jambo la kutazamwa ni vijito, mabwawa na visima vilivyo chini ya mialo ya kuchenjulia, mahali zebaki, choo cha binadamu na mavi ya ng'ombe vinapokutana katika tope moja. Mahali hapo ndipo soko la jeni linapofunguliwa.

Wala asitoke mtu hapa akataka wachimbaji wadogo wafukuzwe. Wengi wao ni vijana wetu, baadhi wamekaa mbele yenu darasani. Wanatumia zebaki kwa sababu ni rahisi, ya haraka, na anayewanunulia dhahabu mara nyingi ndiye anayewaletea. Tanzania iliridhia mwaka 2020 Mkataba wa Minamata uliopitishwa mwaka 2013, unaotaka matumizi ya zebaki yapunguzwe, na pale inapowezekana yaondolewe. Jina lake ni la mji wa Japani ambao wakazi wake walipooza na kufa kwa kula samaki wenye zebaki iliyotoka kiwandani. Kati ya saini na mwalo pana umbali mrefu. Chombo kilichofunikwa, kinachourudisha mvuke wa zebaki ukawa majimaji tena, ni chombo cha chuma ambacho fundi wa kawaida wa kuchomelea anaweza kukitengeneza. Kwa nini basi bonge linachomwa waziwazi kwenye kikaango?

Sasa mkono wa dawa. Hapa nitakwenda haraka. Mfugaji akiona ng'ombe amezubaa hununua oksitetrasaiklini katika duka la pembejeo, hupiga sindano mwenyewe kwa kipimo cha macho, na kesho yake maziwa yanakamuliwa. Mama mwenye mtoto anayeharisha hupewa kapsuli kumi dukani, ingawa mtoto yule katika hali nyingi anahitaji maji ya chumvichumvi ya ORS na vidonge vya zinki. Ng'ombe na mtoto hunywa lambo moja. Dawa ni za jamii moja, na bakteria hawajui mpaka kati ya Idara ya Mifugo na Idara ya Afya.

Je, haya yamepimwa, au ni hofu ya mwandishi? Yamepimwa. Mwaka 2016 watafiti, baadhi yao wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, walichapisha matokeo ya sampuli 155 za maji ya kunywa kutoka kaskazini ya nchi yetu. Katika asilimia 71 ya sampuli hizo walimkuta bakteria wa kinyesi aitwaye Escherichia coli. Waliwapima bakteria 1,819 wa aina hiyo, na karibu nusu yao, asilimia 46.9, walikuwa sugu kwa dawa moja au zaidi. Dawa zilizoshindwa zaidi zilikuwa ampisilini, streptomaisini, tetrasaiklini, na zile dawa mbili zinazounda septrini. Hizo si dawa za hospitali za Ulaya. Ndizo zilizojaa katika kabati za zahanati zetu. Mwaka huo huo watafiti wa Mwanza, wakishirikiana na Wajerumani, walionyesha kwamba kwenye fukwe za ziwa hili hili, na hata ndani ya matumbo ya samaki, wamo bakteria wenye kimeng'enya kinachoziharibu dawa kali zaidi za jamii ya penisilini, zile anazochomwa mtu aliyelazwa.

Na hospitalini hali ikoje? Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 juu ya watoto waliolazwa Muhimbili wakiwa na bakteria katika damu ulionyesha kwamba, kati ya wale waliokuwa na bakteria wenye kimeng'enya hicho, asilimia 71 walifariki. Kwa dunia nzima, wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2019 vifo milioni 1.27 vilisababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria, na Afrika kusini ya Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito kuliko wote kwa kulinganisha na idadi ya watu wake.

Serikali ilitoa Mpango Kazi wa Taifa wa kupambana na usugu mwaka 2017, na mwingine ulianza mwaka 2023, na yote miwili inasema kwamba afya ya binadamu, ya mifugo na ya mazingira ni jambo moja. Naiunga mkono kauli hiyo. Lakini kauli hukaa Dodoma; utekelezaji hukaa Halmashauri. Mganga Mkuu ana taarifa zake za wanaoharisha. Ofisa Mifugo ana taarifa zake za dawa na majosho. RUWASA, iliyoanzishwa mwaka 2019, ina taarifa za visima vya vijijini. Ofisi ya Madini inajua leseni ziko wapi. Kila mmoja huandika ripoti ya kwenda juu, na ni nadra ripoti hizo kukutana mezani kwa upande. Mgonjwa wa zahanati iliyo chini ya mwalo anaharisha mara tatu kwa mwaka na septrini haimsaidii. Anayejua habari ya septrini hajui habari ya mwalo, na anayejua habari ya mwalo hajawahi kuulizwa habari ya mgonjwa. Napendekeza, kwa heshima, kwamba taarifa hizo nne ziwekwe juu ya ramani moja ya wilaya walau mara moja kwa mwaka, na kwamba visima vilivyo chini ya mialo vipimwe zebaki pamoja na vimelea. Sioni kama jambo hilo linahitaji wafadhili.

Ndugu walimu, mtaulizwa na wananchi kama kuchemsha kunatosha. Muwajibu kwa usahihi, kwa maana hapa watu hukosea pande zote mbili. Bakteria sugu kwa dawa si sugu kwa moto. Maji yakichemka sawasawa hufa, kama wanavyokufa kwa klorini ya kutosha. Lakini zebaki na madini mengine mazito hayaondoki kwa kuchemsha. Maji yanapopungua sufuriani, madini yaliyobaki huzidi ukali. Kwa hiyo kisima chenye kinyesi tutakitibu nyumbani, na kisima chenye madini tutakihama.

Kinachosahaulika ni choo. Mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi wa maji taka kutoka mahali 79 katika nchi 60, na ilionekana kwamba wingi wa jeni za usugu ulifuatana sana na hali ya usafi na afya ya jamii. Maana yake nchi inaweza kubana dawa kweli kweli na bado ikajaa usugu, kama kinyesi kinazunguka kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi wakisikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Vikundi vingi viliongozwa na watu wa kawaida waliojua kusoma, na walimu walikuwa mstari wa mbele. Wakati ule hakuna aliyezungumzia jeni. Walichimba.

Nimalizie kwa jambo dogo linalowezekana katika shule zenu. Shule yenye tangi la maji inaweza kupima klorini iliyobaki. Kidonge huwekwa katika maji kidogo ndani ya kichupa. Klorini ikiwapo maji hugeuka rangi ya waridi, na rangi hulinganishwa na kadi. Shirika la Afya Duniani linataka kiasi kisichopungua miligramu 0.2 kwa lita pale mtumiaji anapochota. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuifanya kazi hiyo kila Jumatatu, akaandika katika daftari tarehe, saa na kipimo. Nakala moja ya daftari iende kwa mamlaka ya maji, na nyingine kwa mganga mfawidhi wa zahanati iliyo jirani, ili wiki ambayo klorini imekosekana iweze kulinganishwa na wiki ambayo watoto wameharisha.

Nimemwona mwalimu wa kemia pale nyuma amekwisha kuinua mkono. Ndugu Mwenyekiti, naomba apewe nafasi ya kwanza.